Spika za sebuleni: nunua kwa sauti ya mtu, besi itafuata

Juzi nimeingia kwa jamaa yangu Makorora, kanunua sabufa mpya, linawaka taa rangi zote, kalisukumia kwenye kona nyuma ya kochi na vile vispika viwili vidogo kavipandisha juu ya shokesi vimegusana kama mapacha, afu akaweka taarab. Wallahi nlisikia dum dum dum na vikombe vya shokesi vikigongana, lakini yule mama anayeimba anasema nini sikuambulia hata neno. Sasa taarab bila maneno ni nini? Yaani mafumbo yote yale, watu wamekesha kuyatunga, yamemezwa na besi.

Na hapa ni Tanga jamani. Mji wa Atomic Jazz, mji wa Jamhuri Jazz, na Black Star wa hapa hapa ndo wanaotajwa kuingiza gitaa la besi kwenye taarab. Kwa hiyo sina ugomvi na besi, ugomvi wangu ni mtu kulipia besi peke yake.

Basi kabla hujaenda dukani fanya hivi, chukua flashi utie nyimbo tatu tu unazozijua vizuri: moja ya taarab yenye fidla na sauti ya mwanamke, moja ya dansi la zamani yenye magitaa mawili yanajibizana, na moja ya mtu anaongea tu, hata hotuba au mawaidha. Muuzaji atataka kukuwekea singeli lake la kuonyeshea, mwambie asante kaka, naomba tia hii yangu. Kama mtu anayeongea anasikika kama kaingia kwenye pipa, achana nayo hata kama ina taa na rimoti na karaoke. Kwa sauti ya mtu hudanganywi, masikio yetu yameisikia toka tumezaliwa.

Haya, nipange sasa kwa mtazamo wangu, wewe una ruhusa kubisha.

Namba moja naweka spika mbili zenye amplifaya ndani yake. Ni mabox mawili tu ya mbao, kulia na kushoto, moja linachomekwa kwenye umeme na la pili linaunganishwa na mwenzake kwa waya. Mfano unaojulikana ni Edifier R1280T, ina wati 42 za kweli, spika ya inchi 4 na tuita, kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba, ya kitambaa cha hariri. Utasema wati 42 mbona kidogo, mwenzako anauza lenye wati elfu kumi, hilo ntakujibu chini. Uzuri wake ni kwamba huhangaiki kulinganisha amplifaya na spika, mtengenezaji kashamaliza hesabu. Ila angalia kitu kimoja ambacho watu wengi wanajuta baadae, matundu ya nyuma. TV nyingi za sasa hazina tena tundu la earphone, zina HDMI na lile tundu la mwanga, optiko, na hiyo R1280T ina RCA tu, yale matundu ya duara mekundu na meupe, haina optiko wala blutuu. Dada yake R1280DB ndo ana vyote. Kama ushanunua isiyo na optiko usilie, kuna kidude kidogo cha kubadilisha optiko kuwa RCA, bei yake sio ya kutisha, lakini ukishachomeka ingia kwenye settingi za TV uweke sauti itoke kwa PCM, la sivyo utakaa kimya unaangalia midomo inacheza na utadhani umeuziwa kimeo. Na blutuu kwa TV mi siipendi, sauti inachelewa kidogo, mtu kwenye tamthilia kashafunga mdomo neno ndo linafika. Kwa mziki wa simu haina shida.

Ubaya wa hizi: amplifaya ya ndani ikifa, mabox yote mawili yananyamaza mpaka fundi afungue.

Namba mbili, na kwa masikio yangu hii ndo ingekuwa namba moja kama isingekuwa usumbufu wake, ni spika za mtumba. Yale mabox ya zamani mazito ya Pioneer, Technics, Sony, JBL, Wharfedale, unayakuta kwa mafundi redio na kwa watu wanaohama nyumba. Kwa hela ya sabufa la kawaida unaweza ukapata box la mbao lenye koni ya inchi 8, ambalo jipya lake hungeliweza. Lakini mtumba una mitihani yake. Bonyeza taratibu kwa kidole lile sponji linalozunguka koni. Mi nshawahi kubonyeza moja, nzuri kwa nje, inang'aa, kidole kikazama na sponji likamomonyoka kama biskuti iliyodumbukia kwenye chai, na muuzaji bado ananiambia hii haijaguswa na fundi. Kweli, haijaguswa, imeoza yenyewe. Sponji huwa linachoka lenyewe baada ya miaka 10 au 20 hata kama spika haijapigwa, raba ndo inadumu. Fundi anaweza kubadilisha, ila hiyo gharama itoe kwenye bei mlipo pale pale.

Beba pia betri moja ndogo ya rimoti, ile ya volti 1.5, na kipande cha waya. Gusisha sekunde moja kwenye matundu ya nyuma, usikie "tak" na uone koni inashtuka. Ikitoka mbele, pale ulipogusisha chanya ndo chanya, ikirudi ndani umegeuza, na hii inasaidia sana mabox ambayo rangi nyekundu na nyeusi zimefutika. Kama una mita ya fundi ya kupimia ohm, spika ya ohm 8 itasoma kama 6 hivi, ni kawaida, usiseme mbovu. Isiposoma kabisa hiyo koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imekatika.

Spika za mtumba hazina umeme kwa hiyo hazina shida ya volti, shida iko kwenye amplifaya. Shemeji yangu alishuka na amplifaya kutoka Dar, zuri, zito, sindano mbili zinacheza mbele, katia kwenye soketi hata hatujaweka mziki tukasikia "pfff" na harufu ya transfoma ikajaa mpaka jikoni. Nyuma imeandikwa 100V. Ya Ujapani hiyo. Umeme wetu ni 230. Tumekaa tunatazamana, mama mkwe anauliza mnachoma nini. Kwa hiyo soma nyuma KABLA, ya Ujapani ni 100V, ya Marekani 120V, na zote zinataka transfoma ya kushusha ambayo nayo ina bei na uzito wake. Siku hizi mi namshauri mtu aachane na hayo achukue amplifaya ndogo mpya zile za kiganjani, za blutuu, zenye adapta kama ya laptop. Nyingi zina chipu ya TPA3116, ukiilisha volti 24 kwenye spika za ohm 8 inakupa kama wati 30 kila upande, na kwa sebule ya mita 4 kwa 5 hizo ni nyingi kuliko jirani anavyotaka.

Namba tatu saundiba, ile fimbo ndefu inayolala chini ya TV. Hii ni kwa nyumba ambayo mziki sio sana, ni taarifa ya habari, mpira na tamthilia, na hamna nafasi ya mabox au kuna watoto wanaopenda kuchokonoa koni (wanangu wawili, najua ninachosema). Chukua yenye HDMI ARC, waya mmoja tu na rimoti ya TV inapandisha sauti. Lakini mziki wa kulia na kushoto usitegemee, spika zote zimebanana kwenye fimbo moja ya mita, hilo gitaa la pili litatokea wapi.

Namba nne ndo masabufa yetu ya dukani, box moja kubwa na vispika viwili au vitatu, ya laki na kitu mpaka laki tatu. Siyadharau, mabanda ya chipsi yanayaendesha kutwa na hayafi. Kwa sebule ila, shida ni ile ya Makorora, besi na trebo zipo, pale katikati panapokaa sauti ya mtu hamna kitu. Ukilazimika kulinunua, gonga box usikie kama ni mbao au plastiki, toa kile kitambaa cha mbele cha vispika vidogo kama kinatoka, maana kuna ambazo unaona macho matatu kumbe mawili ni pambo nyuma hakuna waya. Afu ukifika nyumbani shusha besi mpaka nusu.

Ya mwisho kabisa ni yale ma home theatre ya spika tano kwenye box moja la bei chee. Spika tano mbovu hazizidi mbili nzuri, na nani atapitisha waya nyuma ya makochi mpaka ukutani huku? Kila nyumba nliyoziona, zile mbili za nyuma ziko juu ya kabati la chumbani na vumbi.

Sasa zile wati. Box limeandikwa elfu kumi na mbili PMPO, unashangaa. Hiyo PMPO ni hesabu ya kutengeneza karatasi ya kuvutia, haina kipimo kinachoeleweka. Washa tochi ya simu soma kibandiko cha nyuma, utakuta imeandikwa inakula wati 60. Kitu kinachokula 60 kitatoaje elfu kumi na mbili? Ingekuwa kweli Luku yako ingeisha kabla wimbo haujafika kiitikio. Tafuta neno RMS, hizo ndo wati za kweli. Na ujue ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, kidogo sana, ili uisikie imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama mara kumi. Kwa hiyo kati ya spika ya wati 40 na ya 60 usivunje benki, sikiliza ipi inasema vizuri.

Kabla hujanunua chochote lakini, zipange upya hizo ulizonazo, hii ni bure na nimeona watu wakighairi kununua baada yake. Mbili za mbele zitenganishe kama mita 2 mpaka 2 na nusu, na wewe kochi lako liwe umbali huo huo, mkae pembe tatu. Tuita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kwenye makochi yetu ni kama sentimita 90 kutoka chini, stuli mbili zinatosha, mi nimetumia tofali nimelivika kanga chakavu na mama watoto hajalalamika mpaka leo. Vuta mbele ya ukuta shibri mbili hivi, ukizibana kwenye kona besi inavimba inakuwa uji. Sabufa kama unalo, liweke kwa muda pale unapokaa wewe, tia wimbo wenye besi, afu tambaa sebule nzima ukisikiliza, pale besi inaposikika safi ndo mahali pake. Funga mlango kwanza, mi watoto walinifuata nyuma wakidhani ni mchezo.

Afu sebule zetu hizi za marumaru chini, jipsamu juu na vioo vya alumini, piga kofi usikie inavyolia. Hiyo hakuna spika itakayoitibu. Zulia mbele ya kochi na pazia zito, zinafanya kazi kuliko kuongeza laki mbili kwenye spika.

Waya nao usipigwe bei ya ajabu. Nenda duka la vifaa vya umeme chukua fleksi ya milimita 1.5, ikizidi mita 8 hivi chukua 2.5, umemaliza. Kwangua kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu imepakwa shaba, rudisha. Nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili, ukigeuza upande mmoja besi inapotea na mwimbaji hajulikani alipo, wengi wanapeleka kwa fundi spika nzima kumbe ni hiyo tu.

Na sisi wa pwani tuna la ziada, chumvi. Ukikaa Raskazone au Chumbageni upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, shaba inaota ukungu wa kijani na sauti inaanza kukatakata upande mmoja. Kila mwaka chomoa, kata ncha ya waya sentimita mbili, menya upya, futa matundu kwa spiriti. Box lisikae sakafuni, ukipiga deki maji yanaingia chini na ile mbao ya unga inavimba kama mkate. Na lile tundu la besi, la duara ambalo box linapumulia, mende wanalipenda kuliko wewe, usilizibe, nyoosha kipande cha chandarua ukibandike kwa ndani, hewa inapita mende hapiti. Mi nililifungua box la kwangu baada ya miaka miwili nikakuta mjusi amekauka juu ya saketi ya amplifaya, kalala kama yuko Raskazone kwenye mchanga.