Mtambo wa kugundua uvamizi: katikati ya njia au pembeni?

Ofisi ya Lubumbashi inaweza kuuweka mtambo huu, unaokagua data ya mtandao ili kunasa wadukuzi, katikati ya njia, baina ya ruta (kifaa kinacholeta intaneti) na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi), au pembeni, ambako hupokea nakala tu ya data kutoka kwenye swichi. Ukiwa katikati huzuia shambulio papo hapo. Lakini umeme ukikatika, na sisi tumeshauzoea mchezo huo, mtambo usio na njia ya dharura ya kupitisha data huikatia ofisi nzima intaneti, hata kama ruta ina betri yake. Ukiwa pembeni, kuzimika kwake hakumsumbui mtu, ingawa huonya tu; tena mlango wa swichi wa gigabiti 1 kwa sekunde ukipewa nakala ya data ya pande zote mbili, inayoingia na inayotoka, ambayo yaweza kufikia gigabiti 2 kwa sekunde, hudondosha pakiti, yaani vipande vya data, kimyakimya. Mimi ningeanzia pembeni, nichuje kwanza maonyo ya uongo, ambayo katikati ya njia yangemzuia mhasibu kutuma malipo halali.