Hilux yangu ilichuchumaa nyuma, gereji wakanicheka

Naandika hii hasira bado ziko kooni, anayetaka maneno ya adabu apite tu. Hilux yangu ya dizeli, kuukuu, imemzidi umri mwanangu, ilianza kulala nyuma sijui lini hasa, ni kama masika yalivyokuwa yanaisha hivi. Kazi yake ni kushusha viazi na kabichi kutoka Nyandira kule Mgeta kuja Morogoro mjini, na barabara ya kule anayeijua anaijua. Mwanzoni nikajipa moyo kwamba ni upepo wa tairi. Halafu usiku nikishika barabara ya Iringa pale Sangasanga kila dereva ninayekutana naye ananipiga fulu, mimi namtukana, kumbe mwenye makosa ni mimi, nyuma ikilala pua inanyanyuka na taa zinawachoma watu machoni.

Nikaipeleka gereji moja ya mjini, jina sitaji, ni zile gereji zina kochi na tivii ya kusubiria. Mwenye gereji hata hakuinama kuchungulia. Alikanyaga bampa la nyuma mara mbili kwa mguu, akasema shokapu zimekufa. Shokapu mbili na ufundi laki mbili na themanini, nikalipa, nikatoka pale gari haijapanda hata kidole! Leo ndiyo najua kwamba shokapu haibebi mzigo jamani, yenyewe inatuliza gari isidundedunde, kinachobeba ni springi, vile vyuma virefu vilivyopinda vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kuweka shokapu mpya kwenye springi zilizonyooka kama rula ni kumnunulia mwenye njaa mkanda.

Nikarudi. Kochini kuna wateja wanne watano wanaangalia mpira, namwambia kwa upole kabisa, bosi mbona iko vilevile? Jamaa akaitazama gari, akacheka kwa sauti, akasema, "Mzee, gari yako inachuchumaa kama iko chooni, iache imalize itainuka yenyewe." Kochi zima likaangua kicheko. Mimi mtu mzima, mwanangu yuko pembeni ameshika chupa ya maji, na yeye nikamwona anabana midomo asicheke.

Na bado nikakubali tena! Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Akasema springi zitolewe zikunjwe upya, elfu themanini tu, nikaona nafuu. Wakazitia kwenye moto wa mkaa mpaka zikawa nyekundu, wakazigonga nyundo juu ya kipande cha reli, kimoja kimoja, kila kimoja kikapinda vizuri kabisa kama upinde. Kuna dogo mmoja pale kazi yake kushika tochi na kupitisha spana, alinisogelea nakunywa chai akaniambia chinichini, "Mzee hii haidumu, chuma cha springi kikipigwa moto hivi ule ugumu wake unaondoka." Nikamwona mtoto, anajua nini huyu. Gari ikapanda, kweli ikapanda, nikawasifia mpaka kwa ndugu zangu kwenye simu. Safari ya tatu ya viazi ikarudi palepale, tena upande wa dereva umelala kuliko mwingine, ukiiangalia kwa nyuma utadhani imepooza.

Kiukweli na mimi niseme langu. Magunia yenyewe yalikuwa lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yakaota kilemba, najua imekatazwa, msinianze. Gunia kumi na tatu, hata ukipigia kilo 100 kila moja umeshavuka tani, na lumbesa haijawahi kuishia kilo 100, inazidi. Kwa hiyo springi zimechoka nani kazichosha, ni mimi. Lakini mtu akikuletea mgonjwa unamtibu au unamcheka?

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Kihonda, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hakuna kochi, unakalia tairi. Huyu hakukanyaga bampa. Alitoa futi akapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi juu yake, kulia kisha kushoto, akaandika kwenye vumbi kwa kidole, tofauti sentimita nne. Halafu akaingia chini na tochi akaniita na mimi niingie, na shati langu la kutokea mjini, nikaingia. Chuma cha tatu kina ufa. Bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, zimeliwa. Senta bolti, ile inayoshika vyuma vya springi pamoja katikati, imeshaanza kulika, akasema hii ikikatika ekseli ya magurudumu ya nyuma inahama, gari itatembea mshazari kama kaa. Yaani nimepita kote huko, pesa nimetoa mara mbili, na hakuna aliyeniambia kuna ufa!

Springi nimeagiza za mtumba wa Japani kutoka Gerezani Dar, pande zote mbili, akaniongezea chuma kimoja chini kwa ajili ya mzigo. Yubolti za zamani, zile zilizopinda kama U zinazofunga springi kwenye ekseli, akazikataa kabisa, anasema ikishavutwa imevutwa, nunua mpya, halafu baada ya wiki nirudi azikaze tena. Jumla na bushi zote laki nne na nusu. Gari imesimama, iko sawa kulia na kushoto, usiku hakuna anayenipiga fulu. Nilitaka huyu mzee nimpe kumi juu ya kumi.

Sasa subiri. Safari ya kwanza na mzigo, nateremka kutoka Nyandira, nakanyaga breki pua inazama chini, nyuma ni kama kuna mtu ananisukuma. Nimefika mjini mikono inatetemeka, nikaenda Kihonda moja kwa moja nikiwa nimeshaandaa matusi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaingia chini. Kumbe kuna kifimbo kinaunganisha ekseli na valvu ya breki iliyoko juu kwenye chesisi, sasa gari ilivyoinuliwa valvu inadhani haina mzigo kwa hiyo inazipunguzia breki za nyuma. Ukiinua gari, kile nacho unatakiwa ukirekebishe. Akasema, "Nilisahau, nisamehe sana." Hakujitetea, hakunilipisha. Dakika kumi ikaisha.

Sasa nimpe ngapi? Mtu kasahau kitu cha breki kwenye mteremko wa Mgeta, ningekuwa marehemu saa hizi. Nikasema tano. Halafu nikakumbuka ile nisamehe, nikarudisha nane. Laki tatu na sitini za wale wa kochi nimeshazisamehe. Kile kicheko bado.

Ikiwa tupu inadunda kama punda, mama watoto kakataa kwenda nayo kanisani, anapanda daladala, sawa. Mimi wiki hii nimepita mbele ya ile gereji mara tatu makusudi, mwendo wa pole, nyuma imesimama hivyo, ili jamaa aone. Dogo wa tochi kaniona, kanipungia. Mwenye gereji yuko kochini na mpira wake, hajageuka hata mara moja. Kesho napita tena.