Uzoefu wangu na AirSense 10 hapa Lubumbashi: tazama kwanza hewa inayovuja, kukoroma baadaye

AirSense 10 AutoSet ya ResMed, mashini inayopuliza hewa kwa maski usiku kwa mtu ambaye pumzi yake husimama usingizini, naipa alama nzuri, ila si kwa kile inachoonyesha kwenye kioo asubuhi. Kioo kinakupa saa ulizolala nayo, mara ngapi pumzi ilisimama kwa saa moja, na kauso kanakocheka kama maski imekaa vizuri. Faida yenyewe iko kwenye kadi ya SD iliyo ubavuni mwa mashini. Bila kadi, grafu za kila pumzi hazihifadhiwi, nawe hutajua kama ulikoroma kweli au ni maski iliyokuwa ikitetemeka.

Kadi naisoma kwa OSCAR, programu ya bure ambayo haihitaji intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta, na Kifaransa kimo. Zima mashini, ngoja imalize kuandika kwenye kadi, ndipo uchomoe. Kabla ya kuitia kwenye kompyuta, sukuma kile kifungo kidogo cha pembeni ili kadi isiandikwe kitu, kwa sababu kompyuta nyingi huacha mafaili yao mle ndani. Ukiirudisha, kifungue tena, la sivyo mashini italalamika kwamba kadi ni ya kusoma tu.

Sasa namba za uvujaji. Kila maski ina vitundu vya kutolea hewa uliyopumua, na hewa hiyo lazima itoke. ResMed huiondoa kwenye hesabu na kukuonyesha ile ya ziada tu. Ndiyo sababu 0 ni kawaida, na mpaka wa hatari ni lita 24 kwa dakika. DreamStation ya Philips huonyesha jumla yote, vitundu vikiwemo, kwa hiyo lita 37 kwenye presha ya 12 (hupimwa kwa sentimita za maji) inaweza kuwa usiku safi kabisa. Msilinganishe namba za mashini hizi mbili. Tena hesabu ya ResMed inategemea aina ya maski iliyochaguliwa kwenye menyu: ya pua, ya kuingia puani, au ya kufunika pua na mdomo. Ukibadilisha maski bila kubadilisha hapo, namba inapotoka hata kama uso na maski havina kosa.

Ile namba ya asilimia 95 wengi wanaisoma vibaya. Maana yake ni kwamba kwa asilimia 95 ya usiku, uvujaji ulikuwa kwenye kiwango hicho au chini yake. Kwa saa 8 za kulala, zinabaki dakika 24 zilizozidi hapo. Ukiona namba ya kati (ile ambayo nusu ya usiku haikuizidi) ni 0 na ya 95 ni 30, tatizo ni la vipindi: ulijigeuza, au mdomo ulifunguka. Namba ya kati ikiwa 10 usiku kucha, kagua tundu kwenye tiyo, kiungo kilicholegea au silikoni iliyochoka. Umbo la grafu husema zaidi: meno marefu membamba ni kugeuka kitandani; ukuta unaopanda ghafla, ukakaa juu sawasawa kwa dakika nyingi, kisha ukaanguka ghafla, kwa mtu wa maski ya pua mara nyingi ni mdomo; mstari unaopanda pamoja na presha ni silikoni inayoinuliwa usoni.

Hewa ikizidi lita 24 kwa muda mrefu, usifurahie idadi ndogo ya pumzi kusimama. Mashini haipimi pumzi vizuri wakati huo, kwa hiyo inakosa kuhesabu.

Kukoroma sasa. Mashini haina sikio. Inapima mtetemo mdogo kwenye presha ya hewa. Chochote kinachotetemesha hewa kinaweza kuandikwa kama kukoroma: ukingo wa maski unaopepea, midomo inayopuliza, maji yanayochemka-chemka ndani ya tiyo. Kwa hiyo mimi sitazami grafu ya kukoroma peke yake hata siku moja. Naipanga OSCAR ili grafu nne zifuatane: pumzi, uvujaji, kubanwa kwa njia ya hewa, kukoroma. Kukoroma kukija pamoja na kubanwa, uvujaji ukiwa chini, na presha ikapanda, huko ni kukoroma kweli. Presha ya chini kabisa iliyowekwa huenda haitoshi, na hapo ni kazi ya munganga kuamua. Kukija pamoja na mlima wa uvujaji, shughulikia maski kwanza. Hili lina madhara, kwa sababu AutoSet hupandisha presha ikidhani unakoroma: presha ikipanda maski inavuja zaidi, ikivuja inatetemeka zaidi. Kukoroma kunakoonekana mwanzoni tu mwa usiku mara nyingi ni kwa sababu presha ya kuanzia, labda 4, ni ndogo mno kwako.

Mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu baridi ya usiku inageuza unyevu unaotoka kwenye tangi la maji la mashini kuwa maji ndani ya tiyo. Utaona kukoroma bila kubanwa na bila uvujaji, na utasikia gurugudu. Shusha kiwango cha unyevu, vika tiyo kitambaa kizito, weka mashini chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi kwenye tangi. Tiyo yenye joto ya ClimateLineAir inamaliza tatizo hili, ila bei yake inauma.

Msimu huohuo ngozi inakauka na kila mtu anajipaka vazelini au glisirini kabla ya kulala. Silikoni inateleza juu yake na kuchoka mapema. Paka sehemu nyingine, eneo la maski liache. Kwa wamama wanaolala na kitambaa cha satini: mikanda itangulie, kitambaa kije juu yake, kisiwe chini. Funga mikanda ukiwa umelala, mashini ikipuliza, kisha vuta maski kidogo usoni na kuirudisha ili ukingo ujae hewa. Kukaza sana kunaponda ukingo na kunavujisha zaidi. Osha silikoni kila asubuhi kwa sabuni laini. Vumbi letu jekundu nalo huziba vitundu vya maski; vitambue na uvisafishe, maana vikiziba unarudia kupumua hewa chafu huku uvujaji ukionekana mzuri. Filta itazame kila mwezi.

Umeme ukikatika, grafu inakatika pia, na hilo pengo si uvujaji. Mashini inataka volti 24, kwa hiyo batri ya gari ya volti 12 inahitaji kigeuzi chake. Zima unyevu na joto la tiyo ili batri ifike asubuhi.

Mkitafuta ya mtumba, ulizeni kadi ipo na kifuniko chake kinafunga. Kama ni DreamStation ya kwanza, kumbukeni Philips walitangaza Juni 2021 kuzirudisha kwa sababu ya sponji ya ndani inayomomonyoka; bila uthibitisho kwamba ilirekebishwa, mimi nisingeivaa.