Uzoefu wangu na mwalimu wa mbwa hapa Ujiji

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkimwona mbwa wangu Tomi katulia: shilingi 10,000 kila mwalimu anapokuja, na nauli ya bodaboda juu yako. Somo lenyewe halizidi nusu saa. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Mbwa naye anasoma? Ada za watoto tumemaliza?" Simlaumu. Mitaa yetu mbwa anafungiwa bandani mchana, usiku anafunguliwa, basi.

Ila Tomi alishanigombanisha na mtaa. Ni chotara wa Jemani Shepadi, wakati huo ana kama miezi minne, na kazi yake ilikuwa kumrukia kila anayepita getini. Sasa jirani yetu ni mzee wa msikitini. Kanzu nyeupe, ameshatawadha, anawahi Magharibi, halafu Tomi huyo kifuani! Wenyewe mnajua mate ya mbwa si jambo la kupangusa na kitambaa. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii nguo inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee hakunitukana. Alisema tu, "Mama Neema, mfunge mtoto wako," akarudi kwake kubadili. Afadhali angetukana.

Huyo mwalimu ni kijana aliyewahi kutunza mbwa wa kampuni ya ulinzi. Hata salamu hazijaisha, akaomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ile ambayo mbwa huanza kuchomwa akifikisha miezi mitatu kisha inarudiwa kila mwaka. Bila kadi hafanyi kazi. Nikaona ana haki, kwa namna Tomi alivyokuwa anatafuna mikono ya watu. Halafu akachungulia bakuli: ugali wa asubuhi bado umo. "Mama, huyu si mbishi, ameshiba."

Tangu siku hiyo bakuli linawekwa kwa saa maalumu na linaondolewa, na somo linakuja kabla ya chakula. Malipo ya mwanafunzi ni dagaa wa Kibirizi. Chukua wasio na chumvi, wapepete na uwaoshe vizuri maana wale wa kuanikwa chini wana mchanga, wakaushe tena, halafu wakate vipande vidogo kama ukucha. Tomi akisikia mfuko unachakacha tu, anakaa kabla hajaambiwa.

Dawa ya kuruka ndiyo iliyonishangaza. Akikurukia unampa mgongo, mikono umeikunja kifuani, kimya. Ukipiga kelele "shuka!" ukamsukuma, kwake ni mchezo umenoga. Miguu yote minne ikitua chini, dagaa hapo hapo. Ukichelewa kidogo atadhani unamlipa kwa jambo jingine. Tomi alipozoea sisi, yule kijana akaja na kanzu yake kwenye begi, akaivaa, akawa anapita getini, anakwenda anarudi, mimi nimeshika kamba na dagaa mkononi. Watoto wa mtaa walijaa kama kuna ngoma. Siku hizi mzee akipita, Tomi anakaa ananitazama mimi.

Kumwachisha kuuma hakukusumbua sana. Kuanzia miezi minne hadi sita hivi mbwa anabadilisha meno, ufizi unamwasha, kwa hiyo tulikuwa tunampa tambara lililofungwa fundo, limelowekwa na kugandishwa kwenye friji.

Sasa lawama zangu. Anachelewa, na hapigi simu kusema anachelewa. Pia kazi kubwa anakuachia wewe: aliandika kwa chaki mlangoni pa jiko "kaa, njoo, acha", na nyumba nzima, mpaka dada wa kazi, lazima mseme hayo hayo. Mume wangu alikuwa anasema "keti" makusudi. Na kwenye "njoo", mbuzi wakipita, Tomi haniitikii kabisa. Mwalimu anasema niongeze urefu wa kamba na nisimwite kamwe ili nimchape. Nafanya hivyo, matunda bado sijayaona.

Nampa nyota nne. Ila kama unataka mbwa mkali, usimwite. Jirani mmoja alitaka mbwa wake apewe pilipili na afungiwe gizani, akajibiwa kuwa mbwa aliyekua bila kuona watu anauma kwa woga, na hachagui kati ya mwizi na mtoto wa mwenye nyumba. Wakaachana hapo hapo, nauli akamlipa.

Anayemtaka anione, nitampa namba. Anakuja asubuhi sana au jioni tu; mchana na jua hili hafundishi.