Captain Fantastic: niliipenda peke yangu, tukaibishania wawili

Mara ya kwanza niliitazama usiku, peke yangu, nikaipenda mno. Mara ya pili nilikaa na dada yangu, mwalimu wa darasa la nne, na nusu ya mapenzi hayo yaliishia pale pale sebuleni.

Ni filamu ya Matt Ross ya mwaka 2016. Viggo Mortensen ni Ben, baba anayelea watoto sita msituni, jimbo la Washington, Marekani. Shule yao ni yeye. Mchana wanakimbia milimani na kupigana kwa visu, jioni wanasoma vitabu vinene kando ya moto. Krismasi hawana, wana siku ya kuzaliwa ya Noam Chomsky, msomi wa isimu na mkosoaji wa siasa wa Marekani, na zawadi ni pamoja na visu vya kuwindia. Mama yao, mgonjwa wa siku nyingi, anajitoa uhai akiwa mbali nao, na babu mzaa mama anamwonya Ben asikanyage mazishini. Wanapanda basi lao, safari ya New Mexico.

Onyesho linalosifiwa sana ni la nyumbani kwa shangazi. Wanawe wanaosoma shule wanababaika kuhusu marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba ya Marekani. Zaja, binti wa Ben, miaka minane, anaanza kuyakariri. Baba anamkatiza, anataka maelezo, na mtoto anayamwaga. Nilipiga makofi. Dada akasema, "Mechi yenyewe refa ni baba yake." Sikuwa na jibu. Wale wavulana wameandikwa wazembe makusudi, ili Zaja ang'ae.

Langu mimi ni la Bodevan, kifungua mimba. Huyu ameua kulungu kwa kisu, na vyuo vikuu vyenye majina vimemkubali bila baba kujua. Kambini anabusiwa na msichana, hapo hapo anapiga goti kumchumbia, mama wa msichana akiwa amesimama pembeni! Tulicheka, halafu tukanyamaza. George MacKay, anayemwigiza Bodevan, haigizi kichekesho. Anamaanisha kila neno. Baadaye anamlipukia baba yake kwamba nje ya vitabu hajui kitu, na hapo filamu nzima inapata uzito.

Mortensen aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili. Ila Frank Langella, yule babu, ndiye aliyenishangaza. Nilisubiri tajiri katili, nikapata mzee aliyefiwa na binti, mwenye hoja. Vespyr, binti mwingine wa Ben, anapoanguka kutoka paa la nyumba ya babu huyo, utakuwa upande wa babu, upende usipende.

Kilichoniudhi ni theluthi ya mwisho. Ben na watoto wanafukua kaburi usiku ili mama achomwe kama alivyousia. Dada alinyanyuka akaenda jikoni. Wosia ni wosia, sawa, lakini filamu haitupi hesabu yoyote ya mzee yule atakapokuta kaburi la mwanawe liko tupu. Wanaimba, wanacheza, basi yakaisha.

Na mkitazama na wakwe au watoto, jueni kuna matusi, na Mortensen anatokea kwenye mlango wa basi uchi wa mnyama.

Bado ningeitazama tena kwa ajili ya kifungua kinywa cha mwisho. Wako shambani, chakula cha mchana kimefungwa, basi la shule linasubiriwa. Kamera imetulia, hakuna anayesema. Dada alikuwa amerudi, kikombe mkononi. Akauliza Zaja watamweka darasa la ngapi.