BLAST ya NCBI: nyota nne kati ya tano

Nikiwinda jeni zilizohama kutoka kiumbe cha ukoo mwingine, huanzia hapa: chombo cha mtandaoni cha NCBI, kituo cha Marekani cha data za kibiolojia, kinachotafuta jeni au protini zinazofanana na yako. Ni bure, hata kujisajili hakuna. Bandika protini ya kidukari inayotengeneza karotenoidi, rangi inayompa wekundu, kisha weka alama kwenye kisanduku cha kuwaondoa vidukari wenyewe. Kuvu hao, wamejaa kwenye orodha ya matokeo! Nyuki, mdudu mwenzake, humwoni. (Asili hiyo ya kuvu ilitangazwa 2010.)

Nyota moja nimeinyima. Anayeongoza orodha si lazima awe ndugu wa karibu. Mti wa ukoo wa kuaminika bado utauchora. Wala haikuambii kama sampuli imechafuliwa na bakteria. Mwaka 2015 ilidaiwa kuwa asilimia 17.5 ya jeni za tadigredi, wanyama wadogo mno wa majini, ni za kigeni. Nyingi zilikuwa uchafu tu.