Roy Keane kocha: Sunderland au Ipswich?

Ukitaka kumpima Roy Keane, kiungo wa zamani wa Manchester United, Celtic na Ireland, kama kocha, weka Sunderland na Ipswich pamoja, maana kote alianzia daraja lile lile, Championship, yaani daraja la pili la Uingereza.

Sunderland alifika Agosti 2006, timu ikiwa imepoteza mechi nne za mwanzo za ligi. Siku ya mwisho ya usajili alisajili wachezaji sita, akiwemo Dwight Yorke, wengi wao watu aliowajua tangu Manchester United, Celtic au timu ya taifa ya Ireland. Januari akaongeza beki Jonny Evans kwa mkopo. Wakatwaa ubingwa kwa pointi 88. Kazi ya kupigiwa saluti! Wakapanda daraja, na msimu uliofuata, Ligi Kuu, walimaliza wa 15.

Ipswich, kuanzia Aprili 2009, mambo yalikwama mapema: mechi 14 za mwanzo za ligi msimu wa 2009/10 bila ushindi, na sare 20 msimu huo mzima. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, ni kumwachia mshambuliaji kijana Jordan Rhodes aende Huddersfield, ambako alifunga mabao kwa wingi. Sare hizo zilihitaji mfungaji. Januari 2011 akafukuzwa.